IBN AL-HAYTHAM NA HILALI ZA JUA LILILOPATWA

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Jioni ya Jumapili, tarehe 3 Novemba 2013, mwisho wa mwezi wa Dhul Hijja 1434, jua lilipatwa katika nchi zetu za Afrika Mashariki. Pakwach katika Uganda, na pande za Ziwa Turkana katika Kenya, lilifunikwa lote kwa muda wa nukta chache. Kwengineko lilifunikwa sehemu tu. Miongoni mwa mahali hapo ni Katangi, mji mdogo wa soko katika nchi ya Yatta, Machakos, ambako sehemu kubwa ya jua ilizibwa na sehemu ikabaki iking'aa.

Wakati ule jua lilikuwa limekwisha inamia magharibi. Nuru yake ikipenya baina ya majani ya miti huanguka kwa mshazari, juu ya ardhi na juu ya kuta zielekeazo machweo. Siku zote nuru hiyo hufanya madoa ya mviringo, na hapana ayajaliye. Lakini jua lipatwapo sehemu, kila doa hugeuka likawa hilali. Palipokuwa hapana wingu jioni ile, mwenye kuutazama ukuta kama huo aliweza kuona hilali kwa makumi, zote zimeelekea upande mmoja, zikitikisika kila majani yanapotikiswa na upepo.

Mtu asiyejua sababu yake akiliona jambo hili juu ya ukuta wa nyumba yake, ni mwepesi wa kusema kwamba ni uchawi, au ni khabari ya msiba ujao. Na akiliona juu ya ukuta wa msikiti, huenda akasema kwamba ni karama ya sheikh fulani aliyezikwa karibu, kwani hilali watu wameizoea kuwa ni alama juu ya minara yetu. Maneno kama hayo huenea mjini kabla ya Isha, na kesho yake watu huanza kupeleka ubani na nadhiri mahali pasipostahiki.

Basi yafaa ijulikane kwamba hilali hizo zilikwisha elezwa tangu miaka elfu moja iliyopita, na aliyezieleza ni Mwislamu. Watoto wetu hulisikia jina lake skuli kwa matamshi ya Kizungu, wala hawajui kwamba ni mtu wao. Kwa hiyo tunaleta hapa khabari za maisha yake kwa ufupi.

KUZALIWA KWAKE NA MASOMO YAKE

Jina lake ni Abu Ali al-Hasan bin al-Hasan bin al-Haytham. Wazungu walilichukua jina lake la Al-Hasan wakaligeuza likawa Alhazen. Alizaliwa yapata mwaka 354 H. (965 M.) katika mji wa Basra, Iraq. Basra si mji mgeni kwa watu wa pwani hii, kwani wazee wetu waliyajua majahazi yaliyokuwa yakileta tende zake pamoja na upepo wa kaskazi.

Zama alizozaliwa zilikuwa zama za elimu nyingi na fitina nyingi. Makundi yalikuwa yakishindana katika itikadi, na kila kundi likidai kwamba haki ni yake peke yake. Ibn al-Haytham mwenyewe aliandika baadaye kwamba tangu ujana wake aliyatazama mashindano hayo akaingiwa na shaka. Akaona kuwa haki haiwezi kuwa zaidi ya moja, na kwamba khitilafu hutokana na njia ambazo watu wameziandama. Hapo ndipo alipoazimia kutafuta elimu ambayo misingi yake huonekana kwa hisi na mpango wake hupimwa kwa akili. Akasoma hesabu, jometri, falaki na vitabu vya Wayunani vilivyokuwa vimekwisha fasiriwa kwa Kiarabu.

Imepokewa kwamba alipewa kazi katika dola huko Basra. Lakini kazi ya dola ilimshughulisha na kumtenga na vitabu vyake, wala moyo wake haukuituilia.

SAFARI YA MISRI

Misri wakati huo ilikuwa chini ya watawala wa Kifatimi, na aliyekaa juu ya kiti ni Al-Hakim bi-Amrillah, aliyetawala tangu 386 H. (996 M.) mpaka 411 H. (1021 M.). Al-Hakim alipenda elimu ya nyota na aliwakaribisha wanachuoni. Lakini alikuwa mtu wa ghadhabu ya ghafula: huenda leo akamtukuza waziri, na kesho akaamuru auawe.

Mwanahistoria Ibn al-Qifti amesimulia kwamba Ibn al-Haytham alisema kuwa, lau angekuwa Misri, angaliutengeneza mto wa Nili hata ukawanufaisha watu katika kujaa kwake na kupungua kwake. Maneno yakamfikia Al-Hakim. Akampelekea mali na kumwita, na alipofika akatoka mwenyewe nje ya mji kumlaki. Kisha akampa watu na vyombo, akamtuma kusini kwenda kuitimiza kazi aliyoitaja.

Ibn al-Haytham akasafiri kuufuata mto mpaka akafika Al-Janadil, karibu na Aswan, mahali maji yanapoanguka baina ya mawe. Njiani aliyaona majengo ya watu wa kale wa Misri, jinsi yalivyopangwa kwa jometri iliyo timamu. Akafikiri kwamba watu wenye ujuzi kama huu, lau kazi ile ingewezekana kwa vyombo vya zama zao, wasingaliiacha. Na alipoyatazama maji na majabali, akayakinisha kwamba haiwezekani. Ukuta mkubwa wa kuuzuia mto huo huko Aswan ulikuja kumalizika mwaka 1970, baada ya yeye kufa kwa zaidi ya miaka 900.

Akarejea Kairo, akamkabili mtawala na kumwomba radhi. Kumwambia Al-Hakim kwamba neno ulilomwahidi haliwezekani si jambo dogo. Al-Hakim aliupokea udhuru wake kwa dhahiri, akampa kazi katika dola. Lakini Ibn al-Haytham hakuwa na amani, kwani alijua jinsi roho za watu zilivyokuwa rahisi kwa bwana yule. Akaona hapana hila ila kujifanya mwenye wazimu. Ilipojulikana kuwa akili yake imepotea, mali yake ikashikwa, akawekewa mwangalizi, na akafungiwa nyumbani mwake. Akakaa katika hali hiyo mpaka mwaka 411 H., Al-Hakim alipotoka usiku kwenda jabali la Muqattam asirudi tena. Baada ya hapo Ibn al-Haytham akadhihirisha kwamba yu timamu, na mali yake akarejeshewa.

MAISHA YAKE KARIBU NA AL-AZHAR

Alipopata uhuru hakurudi kutafuta vyeo. Alikaa katika kuba kwenye mlango wa msikiti wa Al-Azhar, akisomesha, akitunga na kunakili vitabu. Riziki yake ilitoka katika kalamu yake. Kila mwaka alinakili kitabu cha jometri cha Euclid, kitabu cha falaki cha Batlamyus kiitwacho Almajisti, na vitabu vya katikati ambavyo wanafunzi husoma baina ya hivyo viwili. Aliviuza kwa dinari 150 za Kimisri, bei isiyozidi wala kupungua, na hizo zikamtosha kwa mwaka mzima.

Hapa pana jambo la kuzingatiwa. Kitabu kile cha Batlamyus, ambacho kwa kukinakili alipata chakula chake, ndicho alichokitungia kitabu kingine cha kueleza mashaka yaliyomo ndani yake. Hakumtukana Batlamyus wala hakuudharau ujuzi wake. Alisema kwa maana kwamba mwenye kutafuta haki hamfuati mtu kwa kuwa ni wa kale au kwa kuwa jina lake ni kubwa, bali hufuata hoja na dalili, na huituhumu hata nafsi yake isije ikamnyanyasa mwengine bure au ikamsamehe bure. Hivyo ndivyo anavyostahiki kuheshimiwa mwanachuoni: asomwe kwa makini, yaliyo sawa yakubaliwe, na yaliyo makosa yaonyeshwe kwa adabu.

KITABU CHA NURU NA KUONA

Kitabu chake kikubwa ni Kitabu al-Manazir, chenye juzuu saba, juu ya nuru na jinsi jicho lionavyo. Kabla yake wengi katika wakubwa wa Kiyunani walidhani kwamba jicho hutoa miale ikaenda kukigusa kitu, kama mtu apapasaye kwa fimbo gizani. Ibn al-Haytham alithibitisha kwamba nuru hutoka kwenye kitu ikaingia jichoni. Miongoni mwa hoja zake ni kwamba mtu akilitazama jua, jicho lake huumia. Basi yapasa kuwa jicho ndilo linalofikiwa na kutendwa.

Hakutosheka na hoja ya maneno. Aliweka taa kadha wa kadha mahali mbalimbali mbele ya tundu moja, na nyuma ya tundu pana mahali pa giza. Ndani ya giza hilo nuru ya kila taa ilionekana mahali pake mbali, mkabala na taa yake. Akifunika taa moja, nuru yake peke yake hupotea. Akiifunua, hurudi pale pale. Akajua kwamba nuru hwenda kwa mstari ulionyoka, na kwamba nuru nyingi hupita katika tundu moja wala hazichanganyiki.

RISALA YA SURA YA KUSUFU

Sasa tuje kwenye hilali. Wayunani waliwahi kuuliza kwa nini nuru ya jua ipitayo katika tundu la pembe nne hufanya doa la mviringo, na kwa nini jua lipatwapo madoa yaliyo chini ya mti huwa kama hilali. Suali hilo lilikaa zaidi ya miaka elfu pasi na jawabu lenye kukata.

Ibn al-Haytham alilitungia risala mbali, Maqala fi Surat al-Kusuf, yaani risala juu ya sura ya kusufu. Alieleza humo kwamba jua linapopatwa, maadamu halikupatwa lote, nuru yake ikipita katika tundu jembamba la mviringo na kuangukia ubao uliokabili tundu hilo, huonekana kwa sura ya hilali. Tundu likipanuliwa, hilali huanza kuharibika. Likizidi kupanuliwa, hilali hupotea kabisa, na doa huchukua sura ya tundu lenyewe: likiwa la mviringo huwa mviringo, likiwa la pembe nne huwa la pembe nne.

Sababu yake ni hii. Kila sehemu ya jua hupeleka nuru yake kwa mstari ulionyoka. Nuru itokayo upande wa juu wa jua, ikipita tunduni, hushukia upande wa chini wa ubao. Itokayo kulia hwenda kushoto. Basi juu ya ubao hujengeka sura kamili ya jua, imepinduliwa. Jua likiwa zima, sura huwa mviringo. Mwezi ukiwa umeziba sehemu yake, sura huwa hilali, na pembe zake huelekea kinyume cha zilivyo mbinguni. Tundu likiwa pana, huwa kama matundu madogo mengi yaliyokaa pamoja, kila moja likichora sura yake, na sura hizo zikapandana hata umbo la jua lisijulikane.

Kwa hiyo majani ya mti hayachori kitu cha ajabu siku ya kusufu. Kila siku nafasi zilizo baina ya majani, ambazo zenyewe zina pembe za kila namna, hutuchorea sura ya jua. Ila kwa kuwa jua ni la mviringo hatuzitambui. Siku lipatwapo ndipo tunapojua kwamba tulikuwa tukikanyaga sura za jua maisha yetu yote. Mwenye kutaka kuhakikisha na apime: umbali wa mita 2 baina ya tundu na ukuta hufanya sura ya jua yenye upana wa karibu sentimita 2, na kila umbali ukizidi, upana huzidi kwa kadiri hiyo hiyo.

Aliuliza pia kwa nini hilali ya mwezi wenyewe haichori hilali kama hiyo kwa tundu lile lile. Akaeleza tofauti hiyo kwa hesabu ya upana wa tundu na umbali wake, na kwa unyonge wa nuru ya mwezi. Mbali na risala hii, alitunga nyingine juu ya vivuli, juu ya nuru ya mwezi, na juu ya kujua kibla kwa hesabu.

KUFA KWAKE NA ATHARI YAKE

Alikufa Kairo yapata mwaka 430 H. (1040 M.). Kitabu chake cha nuru kilifasiriwa kwa Kilatini yapata mwaka 1200, kikapigwa chapa Basel mwaka 1572, na wataalamu wa Ulaya wakakisoma kwa karne nyingi. Katika nchi za Kiislamu alikifufua Kamal al-Din al-Farisi, mwanachuoni wa Uajemi, mapema katika karne ya 14 M.; alikisherehesha kitabu hicho, na akaisherehesha risala ya kusufu pia. Mwaka 2015, uliotangazwa na Umoja wa Mataifa kuwa mwaka wa nuru, ulimwengu ulimkumbuka kwa kutimia miaka elfu ya kazi yake.

LIPASALO KWETU

Huenda akasema msemaji kwamba, ikiwa kusufu ni hesabu ya mwendo wa jua na mwezi, haina haja ya Sala. Na mwengine akasema kwamba, ikiwa ni ishara ya Mwenyezi Mungu, haifai kuichunguza. Wote wawili wamekosea. Katika mwaka wa 10 H. (632 M.) alikufa Ibrahim, mwana wa Mtume (s.a.w.), na siku hiyo jua likapatwa Madina. Watu wakasema kwamba limepatwa kwa ajili ya mauti yake. Mtume (s.a.w.) angaliweza kunyamaza, na maneno hayo yakawa ni utukufu kwa nyumba yake. Lakini katikati ya msiba wake aliwakataza, akawafunza kwamba jua na mwezi ni ishara mbili za Mwenyezi Mungu, hazipatwi kwa mauti ya mtu wala kwa uhai wake. Na waionapo hali hiyo wasali na waombe. Kwa neno hilo moja aliukata uzushi na akaithibitisha ibada. Ikiwa jua halikupatwa kwa mauti ya mwana wa Mtume, litapatwa vipi kwa ajili ya sheikh wa mtaa wetu?

Sala ya kusufu katika madhehebu ya Imamu Shafi ni sunna iliyokokotezwa: rakaa mbili, kila rakaa ina visimamo viwili na rukuu mbili, haina adhana wala ikama, na hufuatwa na khutba. Kwa kuwa ina sababu yake, husaliwa hata baada ya Alasiri, kama jioni ile ya mwaka 2013, maadamu jua halijatua.

Na lililo la haraka zaidi ni macho ya watoto wetu. Mwenye kulikazia macho jua lililopatwa huunguza sehemu ya ndani ya jicho pasipo kusikia maumivu, na huenda uoni usirudi. Kioo kilichopakwa moshi, picha za eksirei, na kulitazama jua ndani ya maji ya karai, vyote havikingi. Hutazamwa kwa miwani maalumu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, au kwa njia ya Ibn al-Haytham: mtu alipe jua mgongo, atoboe tundu dogo katika karatasi ngumu, na aitazame sura iangukayo ukutani. Njia hii haina gharama. Mtoto wa Katangi, mbali na kila chombo cha falaki, aweza kuifanya sawa na mtoto wa Kairo, kwani jua ni moja na ukuta haukosekani.

Tarehe 2 Agosti 2027, mwisho wa Safar 1449, hesabu zinaonyesha kwamba jua litapatwa lote juu ya Makka kwa muda wa dakika 5, na huku kwetu litapatwa sehemu, wakati wa mchana. Maimamu na waalimu wa madrasa na wajiandae mapema. Wawafundishe watu Sala yake, na wawafundishe watoto tundu na karatasi, ili siku hiyo isipotee katika kelele na khofu, wala mtoto asirudi nyumbani macho yake yamedhurika.

Mwenyezi Mungu amrehemu Abu Ali al-Hasan bin al-Haytham, atunufaishe kwa elimu yake, na atujaalie kuwa katika wenye kuzizingatia ishara zake. Amin.